Gundi Ilipata Kiyoyozi

Nawaandikia ninyi wenye watoto viwandani. Mimi darasa la saba ndilo langu la mwisho, mtanivumilia.

Binti yangu anabandika soli kwenye kiwanda cha viatu. Mimi nashona ngozi chumba cha pili. Joto la miaka hii mnalijua wenyewe, na soli zilianza kubanduka viatu vikiwa bado dukani. Basi bwana mmoja wa ofisini, tunamwita Bwana Ubora, akatukusanya. Akasema wakaguzi wa ubora safari hii wanataka kujua kiwanda kimejipangaje na mabadiliko ya tabianchi. Shangazi mmoja wa kufungasha akauliza nchi nayo imeharibika tabia lini, tukacheka, na Bwana Ubora naye akacheka. Si mtu mbaya. Akaomba tuseme joto linaharibu nini.

Tukasema gundi. Binti yangu akasema, "Na sisi je?"

"Dada, wewe husafirishwi kwa katoni," alisema Bwana Ubora. "Mfumo huu wa ubora ni wa bidhaa. Mambo ya watu yana ofisi yake."

Hiyo ofisi mlango wake tunaujua. Haijawahi kuitikia hodi.

Stoo ya gundi ikawekewa kiyoyozi, na kipimajoto ukutani: digrii ishirini na tano, isizidi. Umeme haukutosha, feni za chumba cha kubandika zikazimwa. Madirisha yakafungwa, vumbi lisinase kwenye gundi. Wasichana wakawa wanajipenyeza stoo wapoe kidogo. Wakakatazwa, maana mlango ukifunguliwa joto linaingia. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, tena nzuri.

Siku binti yangu alipoanguka walikuja kuniita, nikamalizia mshono kwanza. Sijui kwa nini. Nilimkuta chini kando ya mashine, mwili wa moto na mkavu, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hospitali wakasema joto limemfika kwenye figo.

Kiwanda kilifaulu ukaguzi. Soli hazibanduki tena. La kweli nalisema.

Jana Bwana Ubora alikuja nyumbani kutupa pole. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema nafasi ya binti ipo, arudi hata kesho, na watu nao wataingizwa kwenye mfumo.

Nikamuuliza, "Baba, gundi mwisho wake ishirini na tano. Huyu binti yangu mwisho wake ngapi?"

Akasema bado wanajadili.

Nanyi waulizeni wakubwa wa kwenu mapema, msingoje kuletewa pole. Mimi sikulia, wala silii, naandika tu. Binti yangu anataka kurudi kazini, anasema atasimama karibu na mlango. Asubuhi hii ameitafuta sare yake kila mahali. Nimeiloweka kwenye beseni tangu alfajiri, na sina haraka ya kuisuuza.