Bega la Kulia

Hakuna aliyemlaki fundi mlangoni, lakini furushi alilobeba lilipigiwa vigelegele. Shangazi mmoja mnene, aliyekuwa akipanga viti, alitupa dasta na kupaza sauti:

"Nguo zimefika jamani! Njooni mvae, tusije tukaonekana kama abiria wa basi lililoharibika!"

Watu wakamiminika. Punde si punde ukumbi mzima ukawa kijani, wazee kwa vijana, kila mtu na sare yake ya mkutano wa ukoo. Na fundi naye alikuwa kijani. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Eh! Fundi naye?" Shangazi alimzunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Dada, na wewe umejishonea?"

"Nimealikwa, shangazi."

"Umealikwa ule. Hujaalikwa ufanane!"

Waliokuwa karibu wakacheka. Fundi akakunja kitambaa cha furushi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye chumba kimoja cha kushonea na cherehani ya kukanyaga, na alikuwa amezoea kusemwa na wateja. Sare alizoagizwa zilikuwa thelathini na nane. Ya thelathini na tisa aliishona kwa mabaki, mgongo umeungwa vipande vitano, lakini ukaungwa kwa ustadi hata fundi mwenzake asingeona.

Hakujishonea kwa tamaa. Aliyempa kazi alikuwa baba yake mkubwa, karani wa mahakama mstaafu, naye alimwambia kwenye simu kwa mdomo wake: "Uzilete mwenyewe, mwanangu. Siku hiyo nitakusimamisha mbele ya wote niseme, huyu ni mtoto wa mdogo wangu."

Neno hilo moja tu ndilo lililomtoa nyumbani alfajiri. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na wazee wa mchumba walikuwa wanakuja Jumamosi. Waliuliza kwa adabu, lakini adabu nayo ina meno: "Mama tumemwona, tumempenda. Je, watu wake ni akina nani?" Marehemu mumewe alilelewa katika kituo cha yatima, hakuacha hata binamu. Kwa hiyo ilibaki damu ya upande wa fundi, na damu hiyo ilikuwa humu ukumbini, imevaa kijani.

Baba yake alikuwa dereva wa malori. Alimwoa mama wa fundi kihalali, mbali na kwao, na shahidi aliyetia sahihi alikuwa kaka yake, huyo huyo karani. Miaka miwili baadaye dereva alirudi kwao, akaozwa mke mwingine, akafunga mdomo mpaka kaburini. Cheti cha ndoa kililiwa na mchwa. Alibaki shahidi.

Fundi alimtafuta kwa macho. Shahidi alikuwa meza ya mbele, amekaa ubavuni mwa bibi mmoja mwenye miwani, yule mke wa pili wa dereva. Bibi huyo ndiye aliyelipia ukumbi, na hata mwenye kukohoa alimtazama kwanza. Macho ya karani yalipokutana na ya fundi, karani akainama kushughulikia kipaza sauti kisichokuwa na ubovu wowote.

"Fundi! Njoo nikushike mkono!"

Aliyeita alikuwa binti mkubwa wa yule bibi, mkunga wa zahanati, mwanamke mcheshi. Alijigeuza mbele ya fundi mara mbili.

"Mimi bega langu la kulia limeshuka tangu nizaliwe. Kila fundi akinishonea, gauni linaning'inia kama limetundikwa msumarini. Na kwenye karatasi ya vipimo sikusema, niliona haya. Wewe umejuaje?"

Fundi angeweza kusema ni bahati. Lakini alikuwa na siku tatu tu mpaka Jumamosi.

"Nilipimia kwangu," alisema.

"Kwako?"

"Nitazame. Halafu mtazame baba mkubwa, koti lake linavyokaa."

Mkunga akatazama bega la fundi. Akatazama meza ya mbele. Akamtazama mama yake mzazi, kisha akarudi kwa fundi, na kicheko kikamkauka usoni. Mtu aliyezalisha watoto miaka ishirini, akisikia akina mama wakisema huyu kafanana na fulani, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Mama yangu ana presha," alinong'ona. "Nakuomba sana. Si hapa."

Akatoa mtandio mkobani, akajifunika mabega yote mawili, na joto lote lile, akaenda kukaa.

Karani alisimama kuhutubia. Alishukuru, akatania wanene na wakonde, kisha akainua kidole. "Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akaanza kuita nyumba moja moja zisimame zionekane.

"Nyumba ya mdogo wangu, marehemu dereva!"

Bibi mwenye miwani akasimama na wanawe watatu. Fundi hakuwa amepanga, lakini miguu ilimtangulia. Naye akasimama.

Makofi yakapungua, yakafa. Bibi akageuka, akashusha miwani. "Huyu ni nani?"

Karani alikuwa amekaa mahakamani miaka thelathini akiwaapisha watu waseme kweli tupu. Alikohoa. Alimtazama fundi, akamtazama bibi, na fundi aliuona uongo unavyopanda kooni kabla haujatoka.

"Aa! Huyu? Huyu ni fundi wetu! Ndiye aliyetupendezesha. Mpigieni makofi jamani!"

Wakampigia. Shangazi akapiga na mluzi. Mkunga, ndani ya mtandio wake, alipiga makofi huku akitazama sakafu.

Muda wa picha ulipofika, shangazi alimrundikia mikoba mitatu. "Tushikie kidogo, fundi, wewe humo pichani." Fundi akaiweka juu ya kiti, taratibu, mmoja baada ya mwingine, akatoka nje. Karani akamfuata kwenye kibaraza akihema.

"Mwanangu, usininunie. Yule mama ana moyo mwepesi. Mambo haya yana wakati wake. Jumamosi nitakuja, nakuahidi. Ila nitaje kama rafiki wa familia."

"Marafiki ninao, baba mkubwa. Jirani yangu anauza mkaa, na hajanikana hata siku moja." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuwa natafuta shahidi. Na shahidi ameshasema, watu wamesikia, wamempigia makofi."

Karani alitazama mlangoni. Ndani wakamwita, picha inamsubiri. Akavuta koti begani, akarudi ndani.

Simu ya binti ililia fundi akiwa bado getini.

"Mama, imekuwaje? Nani anakuja Jumamosi?"

"Hakuna anayekuja."

"Sasa wakiuliza?"

"Nitawajibu mimi. Nitawaambia babu yako alikuwa na ndugu wengi, nimewavika wote, na hakuna aliyenijua. Wakitaka kuoa baada ya hapo, waoe."

"Na wasipotaka?"

Fundi aliegemea nguzo ya geti. Alimsikia mwanawe akilia, akaishika simu sikioni mpaka binti mwenyewe alipokata.

Kituo cha basi kilikuwa mbali, akatembea. Tangu utotoni alikuwa akiwaombea ndugu wa baba yake bila kuwajua sura, kama mama yake alivyomfundisha, akianza na mkubwa wao. Akaanza kuomba kama kawaida. Kwa huyo wa kwanza, baba mkubwa, ulimi ukagoma. Akasimama, akajaribu tena, ukagoma tena. Basi akamruka, akaendelea na wengine.