Mkimbiaji wa Mkahawa wa Barba Stathis

Pelopidas Karvounis alifika Lowell, Massachusetts, akitokea milima ya Arkadia kule Ugiriki, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kusukuma mikokoteni ya nyuzi kiwandani. Tulilala wanaume saba chumba kimoja. Asubuhi sisi tulipanda tramu. Yeye alikimbia kando yake mpaka getini, akafika kabla yetu, anacheka.

Barba Stathis ndiye aliyekiona kwanza kipaji chake. Alikuwa na mkahawa, na kwetu Wagiriki, tuliomwita Barba, yaani mjomba, alikuwa kama baba: alitusomea barua, alituombea msamaha kwa polisi. Mwaka ule, 1909, Marekani nzima ilishikwa na wazimu wa mbio ndefu. Akamwachisha Pelopidas kazi, akamnunulia viatu.

"Wairishi wametuita walaji wa vitunguu siku nyingi," alisema. "Sasa watatuona migongo."

Mashindano yalikuwa Jumamosi mchana, ndani ya ukumbi mmoja wa Boston: maili ishirini na sita kwenye njia nyembamba ya mbao, unazunguka na kuzunguka huku moshi wa sigara ukikukaba. Mpinzani wake alikuwa Mwirishi, Cornelius Tuohy, mpakiaji wa mizigo bandarini. Wagiriki mia nne tulikwenda na bendera. Mimi nilipewa ndoo na sifongo.

Siku zile wajuzi wote waliamini kwamba maji humuua mkimbiaji. Sifongo ilikuwa ya kumlowesha kichwa, basi.

Maili ya kumi na tano Pelopidas alikuwa mbele kwa mzunguko mzima. "Spiro, maji, ndugu yangu," akaniambia akipita. Nikamtazama Barba Stathis. Akatikisa kichwa.

Mzunguko uliofuata aliinyakua sifongo akaanza kuinyonya. Barba Stathis akamchapa kofi la mdomo. "Mate yako yamekwisha?" Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Maili ya ishirini wakampa brandi yenye matone ya sumu ya panya, maana hilo nalo waliliamini, kwamba linaamsha moyo. Akaruka kama farasi aliyeumwa na nyigu. Kisha taya likakakamaa, magoti yakagoma kukunjika, na maili ya ishirini na nne akaanguka kifudifudi mbele yetu.

Ukimwinua mkimbiaji aliyeanguka, ameshindwa. Kwa hiyo tulimtukana.

"Inuka, punda we!"

"Mama yako alizaa mwanamume au mbuzi?"

Mtu akamtupia limau. Pelopidas akainuka, akakimbia alikotoka, kinyume cha mbio, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaanguka tena. Safari hii alitambaa mpaka kwenye ndoo yangu, akaingiza kichwa.

"Spiro!" Barba Stathis akafoka.

Nikaipiga ndoo teke. Maji yakatapakaa kwenye mbao, na Pelopidas akayalamba pale chini, mbele ya bendera yetu. Tuohy alipita, akapunguza mwendo, akamtazama, akaenda zake kushinda.

Hakuna Mgiriki aliyembeba. Walinzi wa ukumbi ndio waliompeleka hospitali, na kule madaktari walisema figo zake zimekufa.

Nilipata ujasiri wa kwenda siku ya Jumanne. Nilimkuta Tuohy ameketi kando ya kitanda, anamenya chungwa kwa vidole vinene.

"Wewe si yule wa ndoo?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Basi kaa huko nje."

"Mwache aingie," Pelopidas akasema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. "Aingie aone." Akalifunua blanketi. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa. "Kamwambie Barba zimebaki maili mbili. Nitazimaliza nikipata nafasi."

Nilitaka kumwomba radhi. Nikasema hali ya hewa ni mbaya huko nje. Akageukia ukutani.

Alikufa Alhamisi. Barba Stathis alilia kanisani mpaka watu wawili wakamshika mikono. Tulipoinua jeneza, Tuohy alikuja na suti ya kuazima, akataka kushika.

"Hapana, bwana," Barba Stathis akamwambia. "Hili jambo ni la watu wetu."

Tuohy hakubishana. Alitufuata nyuma mpaka makaburini, kofia mkononi, kwenye tope. Mimi walinipa upande wa kichwa wa jeneza, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake.