Dripu ya Baragumu

Chupa ya dawa ilikuwa ikining'inia juu ya kichwa cha Baragumu, nami nikaitamani. Alikuwa amejilaza kwenye kiti cha kuegemea, muuguzi akimrekebishia mto, tone moja moja likimwingia mshipani bila haraka. Mimi nilikuwa nimetoka chumba cha mionzi, uso umejaa alama za ile barakoa ya plastiki wanayotubania nayo kichwa tusitikisike. Alinipungia mkono usio na sindano. Hata ugonjwani alijua kupunga kama mfalme.

Miaka kumi na tisa tumekuwa wanadi katika ukumbi mmoja wa mnada, mimi na yeye. Yeye hupewa makabati ya mninga na saa za ukutani. Mimi hupewa magodoro na majokofu yasiyogandisha. Walimwita Baragumu kwa sauti yake. Mimi hawakuniita kitu. Kisha tukaugua koo mwaka mmoja, saratani ileile, ndogo, haijatambaa mbali. Tukakubali wote kuingia katika utafiti wa hospitali, na hata huko akanishinda: kompyuta ilipiga kura, ikampangia mionzi pamoja na dripu, mimi ikanipangia mionzi mitupu. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kufa yeye akiwa mzima.

Nilimwendea daktari na kijiba changu cha roho.

"Mwenzangu mmempa viwili, mimi kimoja. Nipandishie."

"Hapa si mnadani, mzee wangu," alisema, akitabasamu kidogo. "Ugonjwa wako ungekuwa mkubwa, nisingekushirikisha kwenye kura, ningekupa vyote viwili. Kwa mdogo kama wenu, hatuna hakika kama dripu inaongeza uponyaji au inaongeza mateso tu."

"Kwa hiyo hamjui."

"Bado. Ila hujafungwa kamba. Ukitaka kujitoa, saini karatasi hii, Jumatatu nakuanzishia."

Nyumbani mke wangu aliisoma karatasi ile mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Unataka dawa, au unataka cha Baragumu?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Basi nikalale niwajue," nilimjibu, na koo likaniwaka kwa ubishi wangu mwenyewe. Alinisogezea maji ya uvuguvugu, akaenda zake kuanua nguo.

Nilikusudia kusaini. Nilikwisha kujigamba kwa kila mtu ukumbini kwamba na mimi naongezewa. Jumamosi niliiweka karatasi mfuko wa shati, nikaenda mnadani, maana nilitaka kwanza nimwone Baragumu uso wake nikimwambia mwenyewe.

Nilimkuta jukwaani tayari, amekonda, shati linampwaya, lakini nyundo iko mkononi na watu wamejaa. Alikuwa akinadi kabati la milango mitatu. Mwanamume wa mstari wa mbele alitaja bei. Mwanamke mmoja wa nyuma, mwenye sauti nyembamba, akapandisha. Baragumu hakugeuka. Mwanamke akapandisha tena.

"Mara ya kwanza!" Baragumu alimwambia yule wa mbele. "Mara ya pili!"

"Kahongwa huyo," mtu alinong'ona karibu yangu.

Nikamwona Baragumu akitikisa kichwa kama aliyeingiwa na maji sikioni. Hapo nikakumbuka. Karatasi ilikuwa imeyataja madhara yote ya dripu: kichefuchefu, figo, masikio, na kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Niliyaruka hayo nikitafuta mahali pa kusaini.

Nisidanganye: kwanza nilifurahi. Mnadi asiyesikia nyongeza ana kazi gani tena? Kisha nikamwona yule mwanamke amesimama, mkono juu, karibu kulia kwa hasira, na Baragumu akimtazama kila mtu isipokuwa yeye. Furaha yangu ikanichachia mdomoni. Nilipanda jukwaani.

"Nyuma kuna nyongeza!" nilipiga kelele kwa koo lililochubuka, nikamwonyesha kwa kidole.

Kabati lilikwenda kwa yule mwanamke. Watu walipotawanyika kwenda kutazama viti, Baragumu aliniinamia.

"Masikio yanapiga kengele," alisema. "Wiki ya pili sasa. Usimwambie mtu." Akajifuta jasho. "Na wewe, nasikia unaongezewa. Unaanza lini?"

Nilijipapasa mfuko wa shati.

"Sianzi."

"Ati?"

Nikamsogelea sikioni. "Sianzi! Mionzi mitupu!"

Watu waligeuka kututazama. Baragumu alinitazama sikio la kushoto, kisha la kulia, polepole, kwa jicho ninalolijua vizuri, maana ndilo nililomtazama nalo miaka yote kumi na tisa.