Moshi wa Kulisha Maji

Mwaka 1954 Swaumu binti Kondo aliajiriwa katika shamba moja la mkonge karibu na Soga. Kazi yake: kukoroga maji. Wanawake waliokata mkonge walicheka mpaka wakashika mbavu.

Maji yenyewe yalikuwa ya kijani, katika mabirika manne ya saruji nyuma ya mtambo wa kusindika mkonge. Hemedi, kijana msomi aliyekuwa bwana shamba, alimweleza kwamba kijani kile ni mwani, mdogo kuliko vumbi. Moshi wa injini ya mtambo ulioshwa ndani ya pipa la maji, ukapita kwenye bomba na kutoka kama mapovu chini kabisa ndani ya birika.

"Moshi una hewa ya makaa, Dada Swaumu. Mwani unaila, unanenepa. Tukiukausha, unga wake unajenga mwili kama nyama."

Swaumu hakuamini, ila alikoroga. Wiki ya tatu maji yalikuwa mazito kama mchuzi wa kisamvu, naye akajikuta anayaamkia kila asubuhi.

Halafu injini ikafa. Kipuri kilitakiwa kutoka Ulaya. Siku ya nne maji yalianza kupauka, na mkubwa wa idara ya kilimo, Mzungu, alikuwa anakuja baada ya siku kumi na moja kuuona mwani. Hemedi hata chakula kilimshinda.

"Kwani lazima moshi wa injini?" Swaumu aliuliza. "Baba yangu anachoma mkaa kule Chole. Moshi nimelelewa nao."

Alipanga magogo kando ya mabirika, akayafunika kwa nyasi na udongo kama tanuri la mkaa, akawasha moto, akachomeka bomba. Moshi haukutaka kuingia majini. Akaenda kwa mhunzi, akaazima mivukuto miwili ya kuusukumia moshi majini. Mikono ikachoka kabla ya adhuhuri. Ndipo Zubeda, mkata mkonge aliyecheka kuliko wote, akaja akiwa na wenzake watano.

"Tupishe huko, utakufa na maji yako!"

Walivukuta kwa zamu huku wakiimba. Siku ya pili bomba likaziba kwa masizi. Swaumu akaongeza pipa jingine la kuosha moshi, mapovu yakarudi. Siku ya saba birika la kwanza lilikuwa la kijani tena. Hemedi akapiga vigelegele kama mwanamke, kisha akaona haya.

Mgeni alipofika, Swaumu alimpakulia wali na mchicha wa nazi, unga wa mwani umo ndani. Alikula, akaongezwa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika ni mboga gani tamu hivi.

Swaumu akamwongoza mpaka birikani, akamwonyesha. Mzungu aliangalia maji, akaangalia tumbo lake, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kabla hajaondoka alimwomba Swaumu aende Morogoro kuwafundisha wengine.

"Nitakwenda," alijibu Swaumu, "lakini Zubeda na wenzake tunakwenda wote. Na tanuri nitajenga mwenyewe."