Upande Wangu wa Mkeka

Mkeka wetu ulikuwa umefika nusu pale mkono wangu wa kulia ulipoanza kunikataa.

Tulikuwa wanawake watano katika nyumba ya kusukia, kila mmoja mbele ya upande wake, na mimi pembeni kabisa, karibu na nguzo inayotazama bahari. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule niliiacha darasa la sita, na kusema mbele za watu sikujua. Lakini miaa ya majani ya mkadi iliyochanwa nyembamba kama uzi, hiyo niliijua. Bibi Sauimalae, mkuu wetu, alinichagua mwenyewe. Mkeka ule ungetembezwa kijijini siku ya ukaguzi wa mikeka, mwezi wa sita.

Kwanza nilidhani ni ganzi. Nashika mwaa, mkono unaruka, mwaa unaponyoka. Kisha uso nao ukaanza. Mdomo unavutwa upande, jicho linakonyeza, na mimi sijataka.

"Ianeta!" Bibi akaniita siku moja, katikati ya sala. "Unamkonyeza nani?"

"Simkonyezi mtu, Bibi."

"Ananikonyeza mimi," akasema Matalena, binti wa mjomba wangu, aliyetuchania miaa. "Kanipenda, jamani, mniache."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, halafu nikalia, halafu nikashindwa kunyamaza.

Kumfanyia mzee vituko, tena kwenye sala, kwetu si jambo dogo. Mama alimpelekea Bibi kikapu cha magimbi pamoja na samahani. Bibi akapokea vyote viwili, lakini akaniambia, "Ijumaa, kama upande wako bado umelegea, Matalena atakaa hapo. Mkeka huu hautaaibika kwa sababu yako."

Usiku huo sikula. Sikuwa na kitu kingine ninachokijua duniani.

Alhamisi, muuguzi Fuatino alipita nyumba ya kusukia na kisanduku chake cha sindano, kama afanyavyo kila mwezi, akakaa kunywa kakao. Nilipompa kikombe, mkono uliruka na kakao ikammwagikia gauni.

"Msamehe," Matalena akasema. "Huyo ndiye mcheza ngoma wetu, ila ngoma anaisikia peke yake."

Fuatino hakucheka. "Njoo, mwanangu. Bana vidole vyangu viwili, usiachie."

Nikabana. Mkono wangu ukakaza, ukalegea, ukakaza, kama mtu anayekamua tui la nazi.

"Toa ulimi. Uache nje." Ulimi ukarudi ndani wenyewe. "Hali hii imeanza lini?"

"Huyo kazaliwa hivyo," Bibi akajibu. "Mlegevu, mwenye haya. Haijaanza leo."

Nilitaka kusema si kweli. Basi nikashika pembe ya mkeka nikaigeuza mbele ya muuguzi, nikaweka kidole. Juu, kazi yangu ilikuwa imebana hata ukucha haupenyi. Halafu, kuanzia mstari mmoja, ilikuwa imefunguka kama wavu.

Bibi aliinama. Akapitisha ukucha mahali pale, akarudia tena.

"Hapa ni wiki ya kimbunga," akasema taratibu. "Mwezi wa kwanza. Kabla ya hapo... kabla ya hapo alikuwa anabana kuliko mimi."

"Na koo? Aliumwa koo kabla?"

"Jumapili ya Watoto, mwezi wa kumi," Matalena akasema, safari hii bila kucheka. "Hakuweza hata kuimba. Tulimpa ndimu na chumvi, likapona."

"Koo lilipona," Fuatino akasema. "Lakini mwili ulikuwa unapigana na vijidudu vya koo, na vita vikapotea njia. Sasa unapiga sehemu ya ubongo inayoongoza mikono. Unaweza kupiga na moyo pia. Hutokea kwa wachache, ila kwa hao wachache si mchezo. Kesho anakwenda Apia, hospitali kuu."

Apia waliupiga picha moyo wangu. Mlango wake mmoja wa damu ulikuwa unavuja kidogo. Daktari alisema tumewahi. Sindano moja ya penisilini kila baada ya siku ishirini na nane, kwa miaka mingi, bila kukosa, ili koo lisirudi tena na moyo usizidi kuumia. Mikono itatulia yenyewe, akasema, nipumzike.

Niliporudi, Bibi alikuja kwetu. "Upande wako tunaufumua," akasema. "Matalena ataanza upya."

"Asiufumue mtu mwingine," nikasema. Mama akanitazama kama kuku amesema. "Nitaufumua mwenyewe, Bibi."

"Kwa mikono ipi?"

"Hii hii."

"Basi nakupa mpaka Pasaka iwe imetulia. Siku moja zaidi, hapana."

Kila asubuhi nilibana vidole vya mama. Wiki ya kwanza, nakamua tui. Wiki ya tano, nakamua kidogo. Ijumaa Kuu nilibana, mama akahesabu mpaka hamsini, akasema, "Niachie basi, unaniumiza!" Tukapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Nilifumua mpaka kwenye wiki ya kimbunga. Nikasuka upya. Siku za sindano nilikaa kwa tako moja, na Matalena, aliyekuwa ananichania miaa, akasema, "Angalieni, jamani, mkeka umenyooka, msusi ndiye amepinda."

Siku ya ukaguzi, manyoya mekundu yakiwa yameshonwa ukingoni, Bibi alipitisha ukucha kwenye mkeka wote, upande hadi upande. Kwangu alikaa muda mrefu. Akajaribu wiki ya kimbunga. Ukucha haukupenya.

"Ianeta atashika pembe ya mbele," akasema.

Tukautoa nje, wanawake watano, ukipepea juu ya barabara, kijiji kizima kikiwa kimejaa pande zote mbili. Mwenye pembe ya mbele ndiye anayeanza kelele za kuusifu. Nilikuwa nimesahau hilo mpaka nilipoona wote wananisubiri, Matalena akinikonyeza kwa makusudi.

Nikavuta pumzi kwa koo langu lile lile.

"Sao!" nikapiga kelele, na kijiji kikanijibu.