Mvua ya Nyenje

...na kwa kelele hizi atasikiaje pumzi ya mtoto, nyenje wa korongo zima wamejaa mikaratusini wakipiga ngoma za matumboni mwao kama wanalikaanga jua lenyewe, na Rufus kalala kimya kifuani pake ndani ya mbeleko, ana miezi mitano, wiki tatu za mwanzo alikaa hospitalini kwenye kisanduku cha kioo, na tangu atoke humo Tamsin hafumbi macho bila kuhesabu, pumzi moja, mbili, tatu... "We Tam, usisimame kama nguzo, njoo uone macho!" huyo ni Beryl, mama mkwe wake, pua nusura iguse gome, kila Desemba kabla ya Krismasi huja na daftari lake kuhesabu nyenje, mwili mweusi, anasema, basi ni aina ya Mwanamfalme Mweusi au ya Jicho Jekundu, jibu liko machoni, lakini Tamsin anatazama paji la mwanawe, lina maji, tone, tone jingine, jasho, Mungu wangu, jasho tena la baridi, gari tumeliacha wapi, ufunguo... "Mama, ana homa! Kalowa!" na Beryl anatazama juu, anamtazama mjukuu, anacheka mpaka kofia inadondoka, "Homa gani, wamemkojolea! Umesimama chooni kwao, na mtoto wa hapa hapa wewe, huoni haya!" na kweli, tone linamwangukia Tamsin mdomoni, halina chumvi ya jasho, maji ya mti tu yaliyopita tumboni mwa mdudu, ladha ileile ya alipokuwa na miaka minane, alikuwa akiikinga mvua hii kusudi, kichwa nyuma, mdomo wazi, magamba matupu ya nyenje yamening'inia kwenye blauzi ya shule kama nishani, msichana yule hakuogopa kitu, alipotelea wapi... Rufus kafumbua macho, tone puani, anakunja uso, anatoa ulimi, anaonja, jamani, anaonja! na Tamsin anacheka, anamsogeza karibu na gome, nyenje huyu hapa, miaka yote aliyokaa akikua gizani chini ya udongo hakuna aliyemhesabia pumzi, akapanda mwenyewe, laini, akapasua gamba mgongoni, sasa anaimba, macho kama punje mbili za komamanga, "Mekundu, mama! Andika, Jicho Jekundu!" na kelele ni zilezile, pumzi ya Rufus bado haisikiki, hata yake mwenyewe haisikii, tone jingine hilo linakuja, na Tamsin hasogei.