Mashine ya Jumapili

Mektilda hakuwa mchoyo, na anayemwita mchoyo hajawahi kufika kwake Mtaa wa Sikukuu, maana hakuna aliyefika akaondoka bila kula. Alikuwa mtunzaji. Kitu kizuri kikiingia mikononi mwake, kimepata ulinzi wa maisha. Sahani za maua alizopewa siku ya harusi yake kule Kibosho zilikaa kabatini nyuma ya kioo, hazijawahi kuonja mchuzi. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa vikavikwa nailoni. Mumewe, Melkiori, alikuwa akisema wageni wanaosubiriwa na zile sahani pengine bado hawajazaliwa. Mektilda akamjibu kila mara kwa methali ile ile: akiba haiozi.

Basi usimshangae kwa alichokifanya na mashine ya mwanawe.

Mwana mwenyewe ni Severa, wa pekee. Alipokuwa na miezi kumi aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini usikivu wake ulikwenda na ile homa. Si kwamba hakusikia kabisa: mlango ukibamizwa alishtuka, na lori likipiga honi karibu aligeuka. Ila sauti za watu hazikumfikia. Mwaka sabini na saba, akiwa na miaka minne, walikuja mjini madaktari wageni na mashine za kusikilizia, na Severa akabahatika kupata moja. Ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa pakiti ya sigara, kinafungwa kifuani kwa mikanda, na waya mwembamba unapanda mpaka sikioni. Ilitumia betri ndogo mbili.

Muuguzi aliyekuwa akitafsiri alimwambia Mektilda mambo mawili. La kwanza, mtoto avae kila siku, tangu anapoamka mpaka anapolala. La pili, mashine itunzwe sana, maana hakuna nyingine. Lile la kwanza Mektilda alilipokea kama watu wanavyopokea wakiambiwa hospitali wale nyama na maziwa kila siku: aliitikia, akashukuru. La pili ndilo lililomwingia, kwa sababu lilikuwa lugha yake.

Mashine ikawekwa kabatini, kando ya sahani, imefungwa kwenye leso safi. Ilitoka Jumapili. Severa alivishwa gauni jeupe, soksi na viatu vya mkanda, kisha mashine ikafungwa juu ya gauni ionekane, wakaenda misa ya pili Msimbazi. Watu waligeuza shingo. Mektilda alijisikia mama wa mtoto anayehudumiwa, na baada ya miaka mitatu ya kuhurumiwa, nani angemnyima furaha hiyo? Lakini kanisani palikuwa na ngoma, kayamba, kwaya, na watu mia tano wakiitikia kwa pamoja. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kumfundishia mtoto neno moja. Severa alikaa amefumba macho na kukaza meno, na mama yake akadhani anasali.

Jirani yao Siti, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani, ndiye pekee aliyethubutu kuuliza.

"Shoga, kile kidude si cha kusikilizia? Mbona siku za kazi simwoni nacho mtoto?"

"Hapa Kariakoo, Siti? Vumbi lote hili, na mikokoteni? Kikianguka je? Akianza shule atavaa."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo masikio yapo. Yataenda wapi?"

Siti akageuza vitumbua vyake. Mtoto wa mwenzio humpangii malezi.

Usije ukadhani betri ndizo zilizokosekana. Miaka miwili ya mwanzo zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya duka lao wenyewe, nyuma ya kichwa cha Mektilda. Baadaye vikaja vita vya Kagera, na vita vilipokwisha bidhaa nazo zikawa zimekwisha. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, betri ukiziona unasimulia. Hapo Mektilda akajipongeza. Unaona sasa, alimwambia mumewe, tungekuwa tumeshazimaliza zote. Melkiori naye, ambaye utani wake ulikuwa mwingi kuliko ubishi wake, akaona kweli mke ana akili.

Mwaka wa themanini Severa alitimiza miaka saba, na darasa la watoto wasiosikia likafunguliwa upande wa Posta. Mwalimu wake aliitwa Vitalis, Mngoni mwembamba wa Songea, mwenye sauti ya chini isiyotarajiwa kwa kazi ile. Siku ya kuandikisha, Mektilda alifungua leso, akamkabidhi mashine kwa mikono miwili.

"Mpya hii," Mwalimu Vitalis alisema. "Mmepewa lini?"

"Mwaka sabini na saba, Mwalimu." Alisema kwa fahari. "Haina hata mkwaruzo."

Mwalimu aliigeuza, akakagua mikanda, akakagua waya. Sifa haikutoka.

"Mama Severa, mtoto ameivaa mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Hatujakosa hata moja."

Mwalimu Vitalis aliiweka mezani taratibu. Alikuwa na hasira, ilionekana shingoni, lakini hakuwa mtu wa kumfokea mama wa mtu.

"Nikuulize kitu. Pale kwenu Kariakoo, chumba kikikosa mpangaji kinakaa wazi siku ngapi?"

"Kariakoo?" Mektilda alicheka kidogo, akidhani wanapiga soga. "Hata siku mbili hakimalizi."

"Na kichwani ni hivyo hivyo. Sikio ni mlango tu, mama. Anayesikia ni ubongo. Mtoto mchanga ukimwona amelala pale mgongoni, yuko kazini: anachambua sauti zenu kama wewe unavyochambua mchele, hii 'ma', hii 'ba', hii 'pa', mwaka baada ya mwaka, mpaka anajua kuzitenga bila kufikiri. Sasa hiki chumba cha sauti kichwani mwa Severa hakikuletewa mpangaji. Macho yameona kiko wazi, yameanza kuhamia."

"Si sasa atavaa? Kila siku. Nitamletea mpangaji wake."

"Atavaa, na tutajitahidi. Ila samaki hukunjwa angali mbichi. Akiwa wa miaka minne alikuwa mbichi kuliko wa saba." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza: "Kuna vitu vikiwekwa akiba vinaharibika, mama."

Mektilda alirudi kwa miguu mpaka Mtaa wa Mkunguni, lilipo duka lao, akalipita bila kuliona. Alijihesabia Jumapili zote. Alijaribu kumchukia yule muuguzi, ikamshinda, kwa sababu muuguzi alisema wazi. Alijaribu kumlaumu Melkiori, naye Melkiori siku hiyo hiyo alitoa betri kwenye redio yake ndogo, ile aliyoipenda kuliko chakula, akazitia kwenye mashine. Ukikosa hata wa kulaumu, mzigo wote ni wako.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Asubuhi na mapema alimfunga Severa mashine juu ya gauni lake la kuchezea. Mtoto akaitazama kifuani, akamtazama mama, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa gauni jeupe, soksi na viatu vya mkanda, akasimama mlangoni kungoja kupelekwa kanisani. Miaka mitatu na mashine, na somo aliloshika vizuri ni hilo. Mektilda alikaa chini sakafuni, akalia mpaka Siti akaacha karai lake motoni akaja mbio.

Tangu siku ile alisema. Jamani, alisema! Alimpakata Severa dukani kila akitoka darasani, mpaka jioni, akimtajia kila kitu kilichobaki rafuni, na vilikuwa vichache: kiberiti, utambi, majani ya chai. Alimwekea mdomo karibu na kisanduku akarudia jina lake mpaka wateja wakadhani anamsomea dua. Lakini Kariakoo haikunyamaza kwa ajili yake. Makuli walipiga mayowe wapishwe njia, mafundi waligonga mabati ya majiko, cherehani zilinguruma, na vyote hivyo viliingia kwenye waya ule ule pamoja na sauti ya mama, kwa nguvu ile ile. Severa alishika kichwa. Mara nyingine alichomoa waya sikioni, akaukunja vizuri, akamrudishia mama yake kwa adabu.

Foleni za betri Mektilda alizipanga mpaka Buguruni. Aliyekuwa mwoga wa mkwaruzo sasa aliona kisanduku kimechubuka pembe zote, akafurahi.

Na Severa hakuwa mjinga, hilo lieleweke. Alipima sukari kwa kibaba vizuri kuliko baba yake. Alijua mteja mwenye hasira tangu akiwa ng'ambo ya barabara, na alijua mama yake ana huzuni hata akiwa amempa mgongo. Macho yake yalikuwa yamepanuka ndani ya kile chumba cha sauti, yamekaa vizuri, na hayakuwa na nia ya kuhama.

Mwezi wa Novemba ikaja siku ya kupimwa. Darasa la kufundishwa kusema lilikuwa na nafasi nane tu, na watoto walikuwa ishirini na mmoja. Ambaye sauti zimeanza kumkaa angebaki. Mwingine angerudi nyumbani kungoja mpango mwingine ambao hakuna aliyeujua. Mektilda aliruhusiwa kukaa pembeni.

Mezani palikuwa na bakuli la maharage na kopo tupu. Severa alikuwa amefundishwa: ukisikia chochote, tia harage moja. Mwalimu Vitalis alisimama nyuma yake akapiga kijigoma. Harage. Akapiga polepole. Harage. Akasema "aaa" kwa sauti ya kawaida. Harage. Kila mara alipigiwa makofi, na kila mara aligeuka kuyapokea. Moyo wa Mektilda ulipaa.

"Anasikia, Mwalimu!"

"Anasikia, ndiyo. Mashine inafanya kazi yake." Mwalimu akapanga mezani picha tatu: nyumba, mbuzi, mama. Akakaa mbele ya mtoto, akaziba mdomo wake kwa daftari. "Nyumba," alisema.

Severa aliinama kushoto, akainama kulia, akitafuta midomo. Akanyoosha mkono alishushe daftari. Alipokatazwa, akamtazama mwalimu usoni kwa bidii, akagusa mbuzi. "Mama," alisema mwalimu. Severa akagusa mbuzi tena, kisha nyumba, kisha akaacha mikono mapajani.

"Amezoea sauti yangu," Mektilda alisema akisimama. "Mwaka mzima ni mimi. Niache nijaribu mimi, Mwalimu, tafadhali."

Mwalimu Vitalis alijua jibu, lakini alimpisha. Akaziondoa picha ili mtoto asichanganyikiwe, akabakiza maharage.

Mektilda aliziba mdomo kwa daftari. "Severa," aliita, jina alilolirudia dukani mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akatia harage kwenye kopo. "Mama," alisema. Harage. "Kiberiti." Harage. Macho ya Severa yalimtazama juu ya daftari, yamechangamka, yanasubiri, wala jina lake halikuwa na uzito kuliko kiberiti.

Mektilda alipiga magoti. Alisogea karibu na kisanduku kifuani mwa mwanawe, daftari bado mdomoni, akasema polepole, "Nisamehe, mwanangu."

Safari hii Severa hakufanya haraka. Aliinamisha kichwa upande, akatulia kabisa, kama anayefikiria. Mwalimu Vitalis mwenyewe aliacha kuandika. Kisha mtoto akapekua bakuli, akachagua harage kubwa kuliko yote, akalitia kwenye kopo, akainua uso akitabasamu kungoja makofi yake.

Mektilda akashusha daftari, akampigia makofi.